Mbio Zetu, Dau Lao

Simiyu haina uwanja wa mbio za farasi. Mbung'o walilimaliza shauri hilo kabla hatujazaliwa. Tunapakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa, na farasi akiingia katika nchi ya mbung'o, ugonjwa wa nagana haumwachi. Hata ng'ombe wetu walipata nafasi ya kuongezeka kwa jasho la watu: miaka ya 1920 na 1930 Wasukuma walifyeka vichaka kwa mikono ili kumwondoa mdudu huyo, wakati Swynnerton akiongoza idara ya utafiti wa mbung'o pale Shinyanga. Aina moja ya mbung'o inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Sisi tukabaki na punda wa kubeba maji na maksai wa kulimia pamba.

Hata hivyo, ingia leo kwenye duka la kubetia mjini Bariadi, utakuta farasi wanakimbia ukutani. Wanakimbia, wanafika, na baada ya dakika chache wanapanga mstari upya. Hawapo mahali popote duniani. Kompyuta inachagua mshindi kwa bahati nasibu, kisha picha inafuata. Kijana aliyetoka kuuza choroko anasimama mbele yao na jero mkononi.

Mjini kwetu tunazo mbio za kweli. Kwenye tamasha la Simiyu Jambo huja waendesha baiskeli wa Kanda ya Ziwa nzima, na ngoma za Wagika na Wagalu zinachezwa siku hizohizo. Hapo ndipo swali linapozaliwa, nami nalisikia likirudi kila msimu: kama watu wanabeti kwenye farasi wasiokuwepo, kwa nini wasiruhusiwe kubeti kwenye baiskeli zinazopita mbele ya macho yao? Nimezipanga hoja katika vinywa vya watu sita ambao kila mji wa Simiyu unao. Ninapoona haja nitaingia katikati, maana upande wangu ninao na sitauficha.

WAKALA WA DUKA: Mimi kazi yangu iko ndani ya duka, kwa hiyo nilaumiwe lakini nisikilizwe. Watu wanabeti. Nikifunga mlango leo, watabeti kwenye simu kesho. Kinachoniuma ni kwamba wanabeti gizani. Farasi namba nne wa kwenye skrini hana baba wala mama, hajawahi kuumwa mguu, hajawahi kula nyasi. Utamjua vipi? Lakini yule kijana wa Lagangabilili tunamwona barabara ya Lamadi alfajiri, mvua au jua. Tunajua mwaka jana alikatika pumzi kwenye mlima, na tunajua safari hii amebadilisha baiskeli. Huyo ndiye wa kumwekea dau. Kenya wana uwanja wao Ngong, mtu anakwenda Jumapili na familia, anawatazama farasi, anaweka dau lake, anarudi nyumbani. Sisi tumekosa nini?

MWALIMU WA HESABU: Ulipoitaja Ngong umegusa penyewe. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1954, unaendeshwa na Jockey Club ya Kenya, na Derby ya Kenya inakimbiwa pale. Lakini jiulize: zamani mbio zilikuwepo pia Nakuru, Limuru na Eldoret. Leo ziko wapi? Viwanja vile vidogo vilikufa kimoja baada ya kingine, ukabaki wa Ngong peke yake. Kabla hatujajenga cha kwetu, tujue kilichoviua vile.

WAKALA: Wazungu waliondoka, mwalimu.

MWALIMU: Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine iko kwenye hesabu, nipe kalamu. Kwenye viwanja vingi vya farasi dau linawekwa kwenye kapu moja. Utaratibu huu ulianzia Paris miaka ya 1860, kwa mtu aliyeitwa Joseph Oller. Watu wote wanatia fedha kapuni, mwenye uwanja anakata fungu lake, kinachobaki wanagawana waliompatia mshindi. Hakuna anayekupangia odi. Odi inatokana na fedha za wenzako. Sasa tuseme kapu letu la baiskeli lina shilingi 90,000, na katika hizo 10,000 zimewekwa kwa kijana wa Lagangabilili. Mwenye kapu anakata asilimia 20, zinabaki 72,000. Akishinda, kila shilingi inalipwa 7.2. Wewe unayemjua miguu unakuja na 10,000 yako. Kapu linakuwa 100,000, baada ya makato ni 80,000, na kwa kijana kuna 20,000. Malipo yameshuka mpaka mara 4. Umekuja na ujuzi wako, na dau lako lenyewe limekula karibu nusu ya faida yake. Kwenye Derby ya Kentucky, au Melbourne, kapu ni la mamilioni ya dola. 10,000 yako haiwezi hata kulitikisa.

WAKALA: Kwa hiyo mbio ndogo zina ujuzi, hazina kapu. Mbio kubwa zina kapu.

MWALIMU: Zina kapu, hazina siri. Kwenye tamasha kubwa kila farasi ameshaandikwa mpaka kwato zake. Cheltenham, Uingereza, kila Machi wanakimbia siku nne, mbio 28, na nchi nzima imesoma habari za farasi hao miezi mitatu kabla. Unachokijua wewe kila mtu anakijua, na kimeshaingia kwenye odi. Halafu farasi ni wengi. Grand National ya Aintree, hata baada ya kupunguza idadi kuanzia 2024, bado inaanza na farasi 34, na wote wanaruka viunzi. Mwaka 1967 alishinda Foinavon, mwaka 2009 akashinda Mon Mome, wote wakiwa wa mia kwa moja. Melbourne 2015, Michelle Payne alishinda juu ya Prince of Penzance aliyekuwa hivyohivyo wa mia kwa moja, akawa mpanda farasi mwanamke wa kwanza kulichukua kombe lile. Wajuzi wote wa nchi walikuwepo uwanjani siku hizo.

Naingia kidogo. Watu huzitaja odi za mia kwa moja kama ushahidi kwamba mnyonge ana nafasi kwenye mbio kubwa. Ni kweli kwa mpanda farasi, na ushindi wa Michelle Payne unastahili kila kofi lililopigwa. Kwa mwenye dau ni kinyume: kila mshindi wa namna hiyo ni siku ambayo fedha za karibu umati mzima zilipotea. Tofauti ni kwamba umati ule ulikuja mara moja kwa mwaka, ulivaa vizuri, ulikula na kunywa na jamaa zake, na mtu mwenye akili alikuja na kiasi alichokwisha kukubali kwamba kinaweza kupotea. Hapo nasikia sauti ya mama mmoja wa sokoni.

MAYU, MUUZA NAFAKA SOMANDA: Hapo ndipo na mimi nilikuwa nasubiri. Nyinyi mnapima odi, mimi napima kalenda. Melbourne ni lini?

MWALIMU: Jumanne ya kwanza ya Novemba, mayu.

MAYU: Na hao wa Kentucky?

MWALIMU: Jumamosi ya kwanza ya Mei.

MAYU: Na ile ya Afrika Kusini?

MWALIMU: Durban, mwezi Julai. Wanakimbia pale Greyville tangu 1897.

MAYU: Mara moja, mara moja, mara moja. Sasa nieleze wewe mwanangu wa dukani: farasi wako wanakimbia mara ngapi kwa siku? Pamba yetu inanunuliwa mara moja kwa mwaka. Msimu unafunguliwa Mei, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, fedha inaingia kwenye simu yake. Fedha hiyo ni ada ya mtoto, ni dawa ya kupulizia ya mwaka ujao, ni bati la nyumba, ni deni langu la mahindi aliyokopa Februari. Imekuja mara moja. Na yule farasi wako anakuja kila dakika nne. Fedha ya mwaka itashindanaje na farasi wa dakika nne?

WAKALA: Mayu, hakuna anayemshika mtu mkono.

MAYU: Hakuna. Ila simu ileile iliyompokelea fedha ya pamba ndiyo anayobetia. Zamani mwanaume akitaka kupoteza fedha ya pamba ilibidi asafiri mpaka Mwanza, na njiani angekutana na shemeji yake wa kumrudisha.

MWALIMU: Mayu ameshika jambo ambalo hesabu inalithibitisha. Tuchukue mbio za skrini zenye mbwa sita, wote wana nafasi sawa. Haki ni kulipwa mara sita. Tuseme duka linalipa mara tano. Kwenye kila shilingi 600 zinazowekwa, 500 zinarudi kwa wachezaji, 100 zinabaki. Kijana anaweka jero kila mbio, mbio moja kila dakika nne, ni mbio 15 kwa saa. Ameweka 7,500, na kwa wastani 1,250 haitarudi. Akikaa kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, amezungusha 30,000 na amewaachia 5,000. Sasa linganisha na kiwanja kidogo kinachokata asilimia 20 ileile, ila kina mbio sita Jumapili moja. Kwa jero kila mbio ameweka 3,000, amewaachia 600. Makato ya kiwanja ni makubwa kuliko ya skrini, lakini mtu anaumia kidogo kwa sababu kiwanja kinafungwa. Jua linazama, farasi wanachoka, watu wanarudi.

Napenda msomaji akae na tarakimu hizo. Mabishano yetu kuhusu kubeti huishia kwenye odi na kwenye bahati ya fulani aliyeshinda mamilioni, kumbe kinachoamua hatima ya mfuko wa mkulima ni nafasi iliyopo kati ya dau moja na lingine. Farasi wa nyama na damu anaweka nafasi hiyo mwenyewe kwa sababu hawezi kukimbia tena baada ya dakika nne. Anahitaji majuma. Mwendesha baiskeli naye ni hivyo. Skrini imemwondoa mnyama, na pamoja naye imeondoa mapumziko. Kwa upande huu, Wakala anayetaka dau lihamie kwenye mbio za kweli ana hoja nzito kuliko wanavyodhani wanaombeza. Kama chaguo lingekuwa kati ya skrini na kiwanja tu, ningesimama naye.

ALHAJI, MFANYABIASHARA WA NGUO: Chaguo si hilo tu. Kwanza niseme la dini nilimalize: kamari ni haramu, iwe ya skrini au ya uwanjani, na Qurani imeiweka pamoja na ulevi. Lakini msidhani dini imekataza mashindano. Mbio za farasi na ngamia, na kulenga shabaha, zimeruhusiwa kuwekewa zawadi, na zawadi itoke kwa mtu asiyeshindana: mtawala, tajiri, jumuiya. Anayeshinda anachukua, asiyeshinda hapotezi chochote chake. Nendeni Ghuba kwa ndugu zetu mkaone. Kombe la Dunia la Dubai linakimbiwa tangu 1996. Zawadi ya mbio ile moja ni dola milioni 12. Niambieni, dirisha la kuweka dau liko wapi uwanjani pale?

WAKALA: Wapi?

ALHAJI: Halipo. Watazamaji wanapewa karatasi bure, wanatabiri washindi, aliyepatia anapewa zawadi. Hakutoa hata senti. Tunaambiwa kila siku kwamba bila kubeti mbio zitakufa. Mbona moja ya mbio zenye fedha nyingi kuliko zote duniani inaishi?

MWALIMU: Inaishi kwa fedha ya serikali, Alhaji. Simiyu hatuna fedha ya namna hiyo. Uingereza hawakuwa na njia hiyo, wakafanya nyingine. Mwaka 1961 walihalalisha maduka ya kubetia mitaani, na mwaka huohuo wakatunga sheria ya kuwatoza wenye maduka mchango kwa ajili ya mbio. Bodi inayokusanya mchango huo ipo mpaka leo. Inalipa zawadi, madaktari wa wanyama, vipimo vya dawa, na kamera za kwenye mstari wa mwisho. Kiwanja kidogo cha kijijini kinapata mwamuzi wa kweli kwa sababu dau la viwanja vikubwa limemlipia. Nakuru na Eldoret hawakuwa na wa kuwalipia.

MWENDESHA BAISKELI: Mmenizunguka muda mrefu, sasa niruhusuni wazee wangu. Mimi ndiye farasi wenu.

Kwenye tamasha zawadi inatolewa kwa wachache wa mbele. Sisi wengine tunarudi na fulana na maumivu ya miguu. Nimenunua tairi kwa kuuza mbuzi. Sasa mkiweka kapu la dau, na tuseme kwenye kapu kuna milioni tano, atanijia mtu usiku wa kuamkia mbio. Hataniambia nishindwe, ataniambia niwe wa pili tu. Atanipa laki mbili, ambazo huenda ni zaidi ya nitakachopata nikiwa wa pili kwa haki. Nitamkatalia, maana nimelelewa. Je, na wenzangu thelathini? Na yule ambaye mkewe yuko hospitali? Msijenge mtego halafu mkamlaumu atakayenaswa.

WAKALA: Huko kwa farasi hakuna rushwa?

MWENDESHA BAISKELI: Ipo, ndiyo maana wana vipimo na kamera. Sisi tuna mzee mwenye bendera.

Kijana huyu amesema kwa maneno machache kitu ambacho historia ya viwanja vidogo inakionesha waziwazi. Tarehe 26 Juni 1975, katika kiwanja cha kijijini cha Bellewstown, Ayalandi, kulikuwa na laini moja tu ya simu ya kutoka uwanjani. Barney Curley alikuwa na farasi aitwaye Yellow Sam ambaye hakuna aliyemtazama. Watu wake waliingia kwenye maduka ya kubetia nchi nzima wakaweka madau madogo madogo dakika za mwisho. Wenye maduka walipostuka na kutaka kupiga simu uwanjani ili odi ishushwe, simu ilikuwa imeshikwa. Mwenzake Curley alikuwa ndani ya kibanda akizungumza kwa huzuni na shangazi aliyedaiwa kuwa mahututi, shangazi ambaye hakuwepo. Akaongea mpaka farasi wakaondoka. Yellow Sam akashinda kwa ishirini kwa moja, na waliokuwa wameweka dau wakaondoka na zaidi ya pauni 300,000. Hakuna sheria iliyovunjwa, na wenye maduka walilipa.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kumshangilia Curley, na ni kweli alikuwa mtu wa hesabu na ujasiri. Mimi nakisoma kwa upande wa kiwanja. Bellewstown ilichaguliwa kwa sababu ni ndogo. Pale Ascot, ambako wamekuwa wakikimbia tangu zama za Malkia Anne mwaka 1711, hila ya namna hiyo isingewezekana. Simu zilikuwa nyingi na macho yalikuwa mengi. Udogo unaompa mtu wa karibu ujuzi wa kweli, kama ule wa Wakala na kijana wake wa barabara ya Lamadi, ndio unaomfungulia mlango mwenye hila. Huwezi kuuchukua mmoja ukauacha mwingine. Na wanaobaki wameumizwa si wenye maduka, wana bima na wanasheria. Ni watu wa kijiji ambao kesho hawataamini tena kwamba aliyefika wa kwanza ndiye mwenye mbio.

MWALIMU: Ipo nchi iliyojaribu kubeti kwenye baiskeli, tusiipite. Japani, mji wa Kokura, mwaka 1948. Vita vilikuwa vimewaacha hoi, miji ikatafuta fedha za kujijenga upya, ikaanzisha mbio za baiskeli za dau zinazoitwa keirin. Zipo hadi leo. Karibu robo ya kila dau inakatwa. Lakini sikilizeni wanavyoulinda mchezo: mkimbiaji akiingia kwenye mashindano anafungiwa bwenini mpaka yaishe. Simu anaisalimisha mlangoni. Hazungumzi na mke wala na rafiki.

MWENDESHA BAISKELI: Mnaona? Nije kwenye tamasha la mkoa wangu nifungiwe kama mahabusu, nisicheze ngoma, nisimwone mama yangu aliyekuja kutoka Mwanhuzi kunitazama. Kwa ajili ya dau la mtu mwingine.

MZEE WA NGOMA: Mjukuu wangu, kaa kidogo, nami niseme. Mnaongea kana kwamba mashindano yameletwa na farasi. Sisi Wasukuma tulishindana kabla ya baiskeli kufika. Wagika na Wagalu wanatokana na mafundi wawili, Ngika na Gumha, katika karne ile ya kumi na tisa, na ubishi wao haujaisha hadi leo. Baada ya mavuno ngoma mbili zinasimama uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Huku wana nyoka, kule wana fisi au mchezo mwingine mpya ambao wamekaa mwaka mzima wakiuficha. Mwamuzi ni nani? Ni watu. Umati ukihamia kwako, umeshinda. Ukikukimbia, umeshindwa, na hakuna karatasi ya kukatia rufaa. Tulitafuta dawa ya kuvuta watu, sikatai, kila manju alikuwa na yake. Lakini huwezi kumhonga mtu mmoja ukaipata ngoma. Itabidi uuhonge umati mzima, na umati ukishahongwa wote maana yake umewapendeza.

WAKALA: Mzee wangu, na kubeti hakukuwepo?

MZEE: Watu walitambiana. Ukoo wa upande ulioshindwa ulichekwa kisimani mwaka mzima. Hilo lilikuwa dau tosha, na halikumnyima mtoto uji.

Napenda jibu hilo, ingawa sitaki kulitumia kufunga mlango kirahisi. Kuchekwa kisimani hakujazi mfuko wa mwandaaji wa tamasha, na Wakala atauliza, kwa haki kabisa, nani atalipa kamera ya mstari wa mwisho. Lakini Mzee ameonesha kitu ambacho wataalamu wa farasi wamekuwa wakikitafuta kwa mabwenini na vipimo vya mkojo: namna ya kushindana ambamo hakuna mtu mmoja ambaye akinunuliwa kila kitu kimenunuliwa. Mbio za baiskeli hazina kinga hiyo. Zina mtu mmoja wa kwanza, wengine nyuma yake, na mzee mwenye bendera. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mbio zetu ni ndogo mno kubeba dau. Haziwezi kujilipia uaminifu wake zenyewe. Tukiziwekea kapu, tutapata hila ya kiwanja kidogo bila ujira wa tamasha kubwa, na baada ya misimu michache tutakuwa tumempoteza hata yule kijana wa alfajiri.

WAKALA: Sawa, nimesikia. Lakini mwandishi ameniachia mlango. Fedha inatoka wapi?

MWALIMU: Kwako.

WAKALA: Kwangu?

MWALIMU: Kwa kampuni yako. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa Sheria ya mwaka 2003, na kila mkeka unaolipwa dukani kwako umeshakatwa kodi. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 sehemu ya kodi ya kubashiri matokeo ya michezo imetengwa kwa ajili ya Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Huo ndio mchango wa Waingereza wa 1961, tofauti ni jina. Vijana wa Simiyu wanachangia kila siku kwa jero na buku zao. Basi mkoa uandike maombi: tunataka saa za kielektroniki, kamera mbili za mstari wa mwisho, waamuzi waliofunzwa, na zawadi mpaka nafasi ya ishirini.

MWENDESHA BAISKELI: Nafasi ya ishirini ndiyo muhimu. Akilipwa wa ishirini, wa pili hanunuliki kwa bei rahisi.

ALHAJI: Na karatasi za Dubai. Kila mtazamaji apewe moja bure. Atabiri watatu wa mbele wanaume, watatu wa mbele wanawake. Aliyepatia apewe mbuzi, au sola ya nyumbani. Mimi nitatoa sola ya kwanza. Yule aliyekuwa anamjua kijana wa Lagangabilili miguu aoneshe ujuzi wake, na akikosea asipoteze kitu.

MWENDESHA BAISKELI: Zawadi isizidi sola, Alhaji. Ukiweka pikipiki, usiku wa kuamkia mbio nitagongewa mlango vilevile.

ALHAJI: Haya, sola.

WAKALA: Kama ni hivyo, karatasi zikae dukani kwangu. Watu wote wanapita pale, nina kalamu, nina mashine ya kuchapa. Nitazigawa bure wiki mbili kabla.

MAYU: Hapana, mwanangu. Hapo nakukatalia. Anayekuja kuchukua ya bure asipitishwe mbele ya farasi wako. Zikae sokoni kwangu, kwenye magunia ya mtama. Na watoto wasio na miaka kumi na minane nao wapewe, wao dukani kwako sheria haiwaruhusu kuingia, lakini kumtabiri kaka yao mbioni hakuna anayewakataza.

WAKALA: Basi angalau kamera ya mstari wa mwisho nije kuiendesha mimi. Hiyo kazi naijua.

MWENDESHA BAISKELI: Ukifunga duka siku hiyo, njoo.